Yamayuri, lili kubwa ya milimani Japani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Yamayuri ni nini hasa?

Ni lili ya porini, kisayansi inaitwa Lilium auratum, na kwao ni Japani tu. Inaota yenyewe kwenye kisiwa kikubwa cha Honshu, kuanzia Tohoku kule juu kaskazini mpaka eneo la Kinki, ila ukanda wa Hokuriku unaoelekea Bahari ya Japani imeuruka. Ukiikuta Hokkaido, kile kisiwa cha kaskazini, ujue watu ndio waliipeleka. Makazi yake ni miteremko ya milima, sehemu za majani marefu, kingo za msitu na vichaka vyenye mwanga, hasa pale penye udongo wa majivu ya volkano usiotuamisha maji. Shina linafika mita 1 hadi 1.5, na ua moja linaweza kuwa na upana wa sentimita 20 au zaidi, yani sahani ya wali kabisa. Mkoa wa Kanagawa, ule wa Yokohama na Hakone, umeichukua kama ua rasmi la mkoa.

Nimeona picha tu, ua lenyewe ukilisogelea linakuaje?

Lina petali 6 nyeupe, 3 za ndani pana na 3 za nje nyembamba kidogo, na zote zinajikunja kurudi nyuma kwenye ncha. Katikati ya kila petali kuna mstari wa njano unaotoka kwenye koo la ua mpaka nchani, huo ndo ulioipa umaarufu. Alafu kuna madoa ya kahawia nyekundu yametapakaa, na ukiinamisha uso karibu utaona kule ndani kwenye koo madoa mengine yameinuka, ukipitisha kidole unayahisi. Stameni ni 6, na kila moja imebeba kifuko cha chavua nyekundu ya kahawia kilichoshikwa sehemu moja tu katikati, kwa hiyo upepo kidogo tu kinacheza, mdudu akikigusa kinageuka na kumpaka. Ukitoka hapo angalia shati lako maana hiyo chavua haina utani.

Ni kweli inanukia kutoka mbali?

Kweli kabisa. Kwenye njia za milimani mwezi wa saba mara nyingi unaanza kuisikia harufu kabla hujaiona, unabaki unageuka geuka kuitafuta. Ni harufu tamu nzito, kuna watu inawaumiza kichwa wakiwekewa chumbani, hasa chumba kidogo usiku. Na usiku ndio inazidi, watafiti wa Japani wamepima wakakuta hivyo. Sababu ni kwamba ua hili lina wateja wa zamu mbili, mchana wanakuja vipepeo wakubwa wenye mikia, na giza likiingia wanakuja nondo wakubwa wanaoelea hewani mbele ya ua huku wameingiza mrija wao mrefu kunyonya. Weupe wa petali nao unaonekana vizuri gizani.

Inachanua lini?

Julai na Agosti. Sehemu za chini karibu na Tokyo zinaanza mapema Julai, ukipanda juu au ukienda kaskazini inachelewa. Ua moja linakaa kama wiki hivi, lakini kwenye shina moja hayafunguki yote siku moja kwa hiyo mmea wenyewe unakaa na maua muda mrefu zaidi.

Mbona nyingi zinainama, zinaumwa?

Hapana, ni uzito. Mmea mdogo unatoa ua 1 au 2, kadri miaka inavyoenda tunguu, yani ile sehemu kama kitunguu iliyo chini ya udongo, linanenepa na maua yanaongezeka, mmea mkongwe unaweza kubeba 10 na hata 20 kwa shina moja. Shina lenyewe jembamba, sasa linafanyaje, linalala kuelekea nje ya mteremko. Porini linapata msaada wa majani na vichaka vya pembeni, kwenye bustani inabidi uliwekee kijiti.

Ndo hili yungiyungi la kwenye maji?

Hapana. Lile la ziwani na mabwawani ni mmea mwingine kabisa, hawana undugu wa karibu. Yamayuri ukiipanda kwenye maji tunguu linaoza.

Kwanini watu wanasema inapungua? Si inaota porini, nani anaisumbua?

Hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndo swali ambalo watu wengi wanalijibu nusu nusu. Wengi wanadhani mmea wa porini ukiachwa peke yake utastawi, ufunge eneo, watu watoke, basi. Kwa yamayuri sivyo. Japani ina mvua nyingi na ardhi yake ukiiacha tu inageuka msitu, kwa hiyo sehemu kubwa ya yale majani ya milimani tunayoyaona kwenye picha hayakujiweka yenyewe, yaliwekwa na wanakijiji waliokuwa wanafyeka na kuchoma kila mwaka, vizazi na vizazi. Walihitaji nyasi za susuki za kuezekea nyumba, walihitaji malisho ya ng'ombe na farasi, na walihitaji majani mabichi ya kutupia kwenye mashamba ya mpunga kama mbolea. Msituni nako walikata kuni na kuchoma mkaa, wakakusanya majani yaliyodondoka, msitu ukabaki mwepesi wenye mwanga mpaka chini. Yamayuri ikapata nafasi yake hapo katikati, mwanga wa kutosha juu, miguu yake kwenye kivuli cha nyasi.

Alafu ikaja miaka ya 1950 na 1960, mbolea ya dukani, trekta badala ya ng'ombe, gesi badala ya kuni, bati na vigae badala ya nyasi, vijana wakahamia mjini. Hakuna aliyekuwa na haja ya kufyeka tena. Mianzi midogo ambayo Wajapani wanaiita "sasa" ikasambaa ikafunga ardhi yote, miti ikafuata, na kwingine ilipandwa miti ya mbao kama sugi kwa mistari mpaka chini kukawa giza. Mwanzoni mwa karne ya 20 majani ya aina hiyo yalikuwa zaidi ya asilimia 10 ya nchi, leo yamebaki karibu asilimia 1. Kwa hiyo lili hii imeumia zaidi kwa sababu watu wameondoka, na ndo maana mimi nikisikia mtu anasema dawa ni kuiacha porini itulie nasikia uchungu maana huko ni kuizika.

Sasa kama wanafyeka, si wanaikata na yenyewe?

Inategemea unafyeka lini. Yamayuri inachipua masika, inachanua kiangazi, inakomaza mbegu vuli, kisha shina linakauka lenyewe na tunguu linalala chini baridi yote. Ukifyeka mwishoni mwa vuli au majira ya baridi haipotezi chochote, shina lilishamaliza kazi. Ukifyeka Juni au Julai mapema umekata majani yanayolisha tunguu na umekata maua kabla ya mbegu, na kwa sababu shina ni moja tu kwa mwaka haitoi lingine, inasubiri mwakani ikiwa dhaifu zaidi. Fanya hivyo miaka kadhaa mfululizo imekwisha. Vikundi vya kujitolea vinavyotunza vilima hivi vinajua, wakilazimika kupita kiangazi wanaweka vijiti au kamba kwenye kila shina la lili alafu wanafyeka kuizunguka kwa mundu. Kazi ya mgongo kweli kweli, na wengi wanaoifanya ni wazee.

Toka mbegu mpaka ua inachukua muda gani?

Miaka 5 au zaidi. Tunda linakomaa kama kibweta chenye vyumba vitatu kinachopasuka Oktoba au Novemba, ndani kuna mamia ya mbegu zimepangwa moja juu ya nyingine, kila moja bapa, nyembamba, ina utando pembeni wa kubebwa na upepo. Inadondoka, baridi inapita, masika inapita, juu huoni kitu. Chini kwa chini kwenye joto la kiangazi ndo inaota na kutengeneza kitunguu kidogo sana, hapo inahitaji baridi nyingine, na jani la kwanza linatokea masika ya pili. Karibu miezi 18 na bado una jani moja tu! Miaka inayofuata hivyo hivyo inajenga chini kidogo kidogo. Kwa hiyo ukiona mmea wenye maua 8 porini huo una umri, sio wa juzi.

Nani anaila porini?

Nguruwe pori ndio adui mkubwa, anafukua tunguu lenyewe na pua yake, na akishajua sehemu anarudi. Kulungu wa kule, sika, yeye anakula vichipukizi na vichwa vya maua kabla havijafunguka. Wote wawili wameongezeka sana Japani na wawindaji wamepungua, kwa hiyo kuna vilima ambako watu wamelazimika kuzungusha uzio wa waya kuokoa lili.

Na binadamu je, ni kweli tunguu linaliwa?

Ndio, halina sumu kwa binadamu na zamani watu wa milimani waliila yamayuri, lina wanga mwingi, likipikwa linakuwa laini na utamu fulani na uchungu kidogo sana kwa mbali. Hadi leo Japani wanakula tunguu la lili, linaitwa yurine, utalikuta mfano kwenye chawanmushi, ile kastadi ya mayai ya mvuke isiyo na sukari. Ila yurine ya sokoni karibu yote inalimwa Hokkaido na inatokana na lili nyingine ya rangi ya chungwa, sio hii. Na usije ukasoma hapa alafu ukaenda kula lili yoyote ya bustani, matunguu ya mapambo yanapigwa dawa.

Ilifikaje Ulaya?

Kupitia John Gould Veitch, kijana wa familia ya Uingereza yenye vitalu vya miche, alifika Japani 1860 pale nchi ilipoanza kufungua bandari zake kwa wageni, na Septemba mwaka huo alikuwa kwenye msafara wa balozi Rutherford Alcock uliopanda mlima Fuji. Matunguu aliyopeleka kwao yalichanua na kuoneshwa London 1862, mwaka huo huo mtaalamu John Lindley akaipa jina la kisayansi. Waingereza walikuwa hawajawahi kuona lili ya ukubwa ule. 1873 Japani ikazionesha lili zake kwenye maonesho makubwa ya Vienna, na kuanzia hapo oda zikamiminika, Yokohama ikawa bandari ya matunguu. Wafanyabiashara wa kizungu walianza, alafu Wajapani wenyewe wakaanzisha kampuni zao, ya Yokohama iliyojulikana zaidi ilianza 1890.

Upande wa giza ni kwamba matunguu mengi ya mwanzo hayakulimwa, yalichimbwa milimani na wanakijiji, magunia kwa magunia, maana ilikuwa hela ya haraka. Na kule Ulaya mengi yalichanua mwaka mmoja au miwili yakafa, kwa hiyo wateja wakaagiza tena, na tena yakachimbwa.

Zile lili kubwa zinazonukia kwenye maduka ya maua Nairobi na Dar ndo hizi?

Sio zenyewe ila ni wajukuu zake. Zile zinaitwa Oriental, zimetokana na kuchanganya yamayuri na ndugu zake wa Kijapani, hasa Lilium speciosum ambayo ni ya waridi. Mmoja wa watu wa kwanza kufanikiwa ni Francis Parkman wa Boston, mwanahistoria maarufu wa Marekani ambaye pembeni alikuwa mkulima wa maua, haibridi yake ikapewa jina Lilium × parkmanii. Baadaye sana, miaka ya 1970, Leslie Woodriff wa California akatoa 'Stargazer', ile ya waridi iliyokoza yenye kingo nyeupe na ua linaloangalia juu, na hiyo ndo ilifanya lili iwe ua la harusi na hoteli dunia nzima kwa sababu maua yanayoangalia juu yanapakika vizuri kwenye boksi. 'Casa Blanca' nyeupe nayo ni wa ukoo huo, ilitoka Uholanzi. Ukubwa na harufu kwa sehemu kubwa vimetoka kwa yamayuri, kwa hiyo ukipita dukani ukanusa, unanusa urithi wa milima ya Honshu.

Naweza kuipanda Limuru, Lushoto au Njombe? Kuna baridi na udongo mzuri.

Udongo wa volkano mnao, ubaridi mnao, kinachokosekana ni msimu wa baridi wenyewe. Yamayuri inahitaji miezi ya baridi kali chini ya ardhi ndo ijue mwaka umeisha ianze upya, na ubaridi wa usiku wa Julai hautoshi kwa hilo. Wakulima wa lili Kenya wanaletewa matunguu kutoka Uholanzi yakiwa yameshalazwa kwenye ubaridi, wanapanda, wanavuna maua. Ukitaka lili ya kuweka nyumbani kwa miaka, chukua Lilium longiflorum, ile nyeupe ya tarumbeta, asili yake visiwa vya kusini mwa Japani na haidai baridi kiasi hicho. Afrika yenyewe haina Lilium hata moja ya asili, kama ulikuwa unajiuliza.

Nipo Uingereza (au Marekani, Kanada), nataka kuotesha, nianzeje?

Wewe una bahati. Nunua tunguu lililozalishwa kitaluni au mbegu, panda vuli au mapema masika, kina cha kama sentimita 15 hadi 20 maana mmea huu unatoa mizizi mingine kwenye shina juu ya tunguu na hiyo ndo inayoulisha sana. Udongo uwe na asidi kidogo, usiweke chokaa kabisa, na uwe unapitisha maji haraka, changanya changarawe na mboji ya majani. Bustani ya udongo wa mfinyanzi bora utumie chungu kirefu. Kichwa kwenye jua la asubuhi, miguu kivulini. Uingereza na sehemu za Amerika ya Kaskazini kuna mbawakawa mwekundu anayekula lili, mtoe kwa mkono kila siku na uangalie chini ya majani, watoto wake wanajipaka uchafu wao wenyewe mgongoni wanaonekana kama matope.

Yangu ilichanua vizuri alafu mwaka wa pili ikafa, nimekosea nini?

Mara nyingi ni vitu viwili, kuoza kwa tunguu kwa ajili ya maji au fangasi, na virusi. Yamayuri ni dhaifu sana kwa virusi vinavyosambazwa na vidukari, majani yanakuwa na michirizi myepesi, ua linajikunja vibaya. Haina dawa, ng'oa utupe mbali na nyingine. Ndo maana wataalamu wanapenda ya mbegu, virusi vingi vya lili havipiti kwenye mbegu, ila unalipa kwa ile miaka 5 ya kusubiri. Na usiipande jirani na lili zingine zilizonunuliwa ovyo, zingine zinabeba virusi bila kuonesha dalili.

Nikiikuta mlimani naweza kuchimba moja tu?

Hapana. Hakone na Fuji ziko ndani ya hifadhi ya taifa, kuchimba maeneo yaliyolindwa ni kosa kisheria, na nje ya hifadhi ardhi ina mwenyewe kwa hiyo ni wizi. Ukiweka sheria pembeni, tunguu la porini likihamishwa bustanini mara nyingi halidumu. Na uchimbaji ni moja ya sababu hizi lili zimeisha kando ya njia, kwa sababu mwizi anachagua ile yenye maua mengi, yani ile mama iliyokuwa inamwaga mbegu kilima kizima. Hata ukichuma ua tu umechukua mbegu za mwaka huo.

Sakuyuri ni kitu tofauti?

Ni yamayuri ya visiwa vya Izu, kusini ya Tokyo, wataalamu wanaiita var. platyphyllum. Ni kubwa zaidi, majani mapana, madoa yake yamefifia kuwa ya njano badala ya kahawia. Iko Toshima, Hachijo, Aogashima, inaota mpaka karibu na bahari. Wazalishaji wa haibridi waliipenda sana.

Na zile za waridi za milimani?

Kama ni Juni na uko magharibi ya Japani itakuwa sasayuri. Ndogo ya waridi isiyo na madoa, kwenye milima ya Yamagata, Fukushima na Niigata, ni himesayuri. Ya chungwa juu kabisa milimani yenye majani yamezunguka shina kama duara ni kurumayuri.

Nina paka ndani, naweza kuweka lili mezani?

Usiweke. Hapa sitaki tubishane. Lili zote za kweli, yamayuri na haibridi zake zote pamoja na zile za dukani, zinaua figo za paka. Sio mpaka ale ua, akilamba chavua iliyomdondokea manyoyani au akinywa maji ya vasi inatosha. Anaanza kutapika, anapoa, hataki kula, na ndani ya siku 1 mpaka 3 figo zinagoma. Ukihisi tu amegusa mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo usisubiri dalili, akiwahishiwa dripu mapema ana nafasi nzuri. Mbwa hawaumii hivyo, wanaweza kuharibikiwa tumbo.

Chavua imenidondokea kwenye nguo nyeupe, nifanyeje?

Usiguse na usilowanishe! Ukisugua na maji imeingia moja kwa moja. Acha ikauke, ipepete, inayobaki itoe kwa selotepu, bandika bandua. Kwa maua ya dukani kata vile vifuko vya kahawia mara tu ua linapofunguka kabla havijapasuka.

Niko Tokyo Julai, naweza kuiona wapi bila kusafiri mbali?

Mlima Takao, treni kutoka Shinjuku kama saa moja hivi, yamayuri inachanua kwenye miteremko kando ya njia katikati ya Julai na kuendelea. Hakone nayo nzuri, na milima ya Tanzawa kama una miguu ya kupanda. Nenda asubuhi na mapema, joto la Julai Japani ni la jasho kweli na mchana harufu inapungua. Angalia upande wa juu wa njia, pale mteremko ulipokatwa, kwa sababu nyingi zinaning'inia kutoka huko na ukitembea umeinamisha kichwa unazipita. Vaa kitu kisicho cheupe, na baki kwenye njia, maana mimea michanga ya jani moja iko pembeni hapo hapo kwenye nyasi na huwezi kuitofautisha kwa haraka.